Makisio yaliyovimba: kwa nini bajeti ya kaunti hupitishwa na taa ya mtaa ikabaki kiza

Mwenye duka la vipuri pale Mwembe Tayari, Mombasa, akilipa leseni yake ya mwaka hupewa risiti yenye nembo ya kaunti. Akitoka nje anakuta mtaro umeziba kwa taka, nguzo ya taa imesimama bila balbu, na mbele ya duka kuna shimo linalomeza gurudumu la tuktuk. Anauliza, na ana haki ya kuuliza: pesa yangu imekwenda wapi? Barazani majibu hayakawii. Huyu atasema wameiba, yule atasema hawana pesa. Wizi upo, na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hujaa hoja kila mwaka. Lakini liko jambo jingine linalokula miradi ya mtaani hata pale ambapo hakuna shilingi iliyoibwa, na limeandikwa waziwazi katika kurasa za mwanzo za bajeti. Jambo hilo ni makisio ya mapato, yaani pesa ambazo kaunti inasema itapata mwaka huo. Asiyeelewa namba hiyo ataendelea kuahidiwa barabara ambayo tangu mwanzo haikuwa na pesa.

Kabla ya hesabu, ni vizuri kujua nani anadaiwa nini, maana malalamiko mengi hufa kwa kupelekwa mlango usio wake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi. Kaunti ina zahanati na hospitali zake, chekechea, masoko, leseni za biashara, uzoaji taka, maegesho, taa za mitaani, mitaro na barabara za kaunti. Polisi, shule za msingi na sekondari, barabara kuu na bandari ni za serikali kuu. Barabara ya kwenda Malindi ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za taifa, na zipo za mjini zilizo chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Mwakilishi wa wadi akiulizwa kuhusu lami ya barabara kuu atapiga kelele pamoja nawe, lakini bajeti yake haina hata senti ya barabara hiyo.

Bandari ndiyo inayowachanganya watu wa Mombasa zaidi. Makontena yanapita machoni mwao usiku na mchana, kwa hiyo hudhani kaunti inaogelea kwenye pesa. Mapato ya bandari si ya kaunti. Inachopata kaunti ni kile kinachoota kandokando ya bandari: maghala, kampuni za kupakia na kupakua, gereji za malori, nyumba za wageni, vibanda vya chakula kule Changamwe na Jomvu. Hao ndio wanaolipa leseni. Ndiyo maana agizo la 2019 la kupeleka mizigo bara kwa reli ya SGR liliugonjesha mji mzima. Lori likiacha kulala Mombasa, fundi, mpishi na mwenye gesti hukosa kazi, na mwaka unaofuata leseni hailipwi. Rais William Ruto alipoapishwa Septemba 2022 alitangaza kurudisha Mombasa shughuli za kutoa mizigo bandarini.

Milango miwili ya pesa

Mlango wa kwanza ni mgao kutoka Hazina ya Kitaifa. Kifungu cha 203 cha Katiba kinasema kaunti zote 47 zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kutumia hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge. Katika mwaka wa fedha 2021/22 kaunti zote ziligawana Sh bilioni 370, na Mombasa ilitengewa takriban Sh bilioni 7.6. Pesa hii ni ya uhakika. Kasoro yake ni kuchelewa.

Mlango wa pili ni mapato ambayo kaunti inakusanya yenyewe: leseni, maegesho, ada za soko kama Kongowea, mabango, vibali vya ujenzi, ada za hospitali, na kodi ya ardhi. Kwa mji mkubwa kama Mombasa, kodi ya ardhi ndiyo ingepaswa kubeba mzigo mzito kuliko nyingine zote, kwa sababu ardhi haihami wala haijifichi. Lakini hapa pwani kuna mkasa wa nyumba bila ardhi. Katika mitaa kama Majengo mtu hujenga nyumba akawa mwenye nyumba kweli, huku kiwanja kikiwa cha mtu mwingine anayelipwa kodi ya kiwanja kila mwezi. Bili ya kaunti inakwenda kwa mwenye ardhi, ambaye pengine haishi hapo, au ni warithi kumi wanaogombana kortini. Kwingineko, Likoni na Kisauni, kuna maelfu ya watu walioishi miaka mingi bila hati. Taasisi za serikali kuu nazo zina viwanja vya thamani na hazilipi kwa wakati. Basi kaunti inamgeukia anayeonekana na asiyeweza kukimbia, yaani mwenye kibanda, mama mboga, gari lililoegeshwa. Kanjo, yaani askari wa kaunti, anakamata mkokoteni asubuhi kwa sababu ni rahisi kuliko kumfuata mwenye ekari tano. Naona hili ni kosa la kiuchumi kabla hata halijawa la huruma. Linamtoza aliye karibu kufunga na kumwacha anayetajirika amelala.

Jinsi bajeti inavyovimba

Tuchukue kaunti ya mfano, namba zake zikiwa za kufundishia tu. Bajeti ni Sh bilioni 14. Mgao wa Hazina ni bilioni 8, na kaunti inasema itakusanya bilioni 6. Matumizi yamepangwa hivi: mishahara bilioni 4.8, uendeshaji bilioni 4.8, maendeleo bilioni 4.4.

Kwenye karatasi mambo ni safi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka maendeleo yapate angalau asilimia 30 ya bajeti. Hapa yamepata asilimia 31. Kanuni za 2015 zinataka mishahara isivuke asilimia 35 ya mapato. Hapa ni asilimia 34. Bunge la kaunti linapitisha, picha zinapigwa.

Mwaka unapokwisha, makusanyo halisi ni bilioni 4. Bilioni 2 hazikuja, na hazikuja kwa sababu hazikuwahi kuwepo. Mishahara haiguswi, mfanyakazi atagoma. Uendeshaji haupungui sana, kwa sababu mafuta ya magari, umeme, ulinzi na safari hulipwa njiani kadiri mwaka unavyokwenda. Upungufu wote unaangukia maendeleo, kutoka bilioni 4.4 hadi 2.4. Sasa piga hesabu upya kwa pesa iliyoingia kweli, bilioni 12: maendeleo ni asilimia 20, mishahara ni asilimia 40. Kaunti imevunja mipaka yote miwili, na hakuna aliyeliona hilo Juni bajeti ilipopitishwa, kwa sababu makisio yaliyovimba ndiyo yaliyoficha.

Kisha ongeza ucheleweshaji wa Hazina. Mgao wa Mei na Juni ukija Julai, na ukigawanya bilioni 8 kwa miezi 12, hiyo ni bilioni 1.3 nyingine isiyofika kabla ya mwaka kufungwa tarehe 30 Juni. Zimebaki bilioni 1.1 za maendeleo kati ya 4.4 zilizotangazwa. Ni robo. Kwa hiyo miradi minne ikitangazwa wadini kwako, mmoja ndio una pesa, na hakuna anayekuambia ni upi.

Kwa nini basi watu wazima wenye shahada huandika namba wasiyoiamini? Mombasa ina wadi 30, na kila mwakilishi anataka kurudi kwao na mradi. Makisio ya kweli yangelazimisha kuchagua wadi zitakazongoja. Makisio yaliyovimba humpa kila mtu mradi wa karatasi, na ugomvi unaahirishwa. Upande wa gavana nao unapata nafasi ya kuajiri bila kuonekana umevuka asilimia 35. Wote wanafaidika Juni, na anayeumia hayumo ukumbini.

Anayelipa ni mzabuni mdogo

Kandarasi hutolewa mapema, mwaka ukiwa bado mchanga, kwa kutegemea ile bajeti ya bilioni 14. Kijana wa Kisauni aliyesajili kampuni anapata LPO, yaani agizo rasmi la ununuzi, ya kuleta balbu na nyaya. Sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi ya umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na hiyo ni sheria nzuri. Anakopa, analeta bidhaa, anawasilisha ankara. Ikifika Juni 30 hajalipwa. Kuanzia hapo ankara yake haina bajeti, kwa sababu idhini ya matumizi hufa pamoja na mwaka wake wa fedha. Lazima itengewe pesa upya katika bajeti mpya, ambayo nayo imevimba. Riba ya mkopo haingoji.

Hivi ndivyo madeni yanavyorundikana. Kufikia Juni 2024 madeni ya kaunti zote yalikuwa yamevuka Sh bilioni 180, sehemu kubwa ikiwa ya Nairobi. Kila bilioni hapo ni duka lililofungwa, fundi aliyeachishwa kazi, mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo. Kaunti inayolalamika kwamba biashara hazilipi leseni mara nyingi ndiyo inayodaiwa na biashara hizohizo.

Anayefanya kazi na kaunti ana mambo kadhaa ya kujilinda nayo. Kabla ya kupokea LPO, uliza inalipwa kutoka kifungu gani cha bajeti, kisha ukitafute kifungu hicho kwenye kitabu cha bajeti kilichopitishwa. LPO ya Mei au Juni ni ya hatari. Muda wa kuleta mzigo, kukaguliwa, kuingizwa kwenye IFMIS, mfumo wa kompyuta wa malipo ya serikali, na kuidhinishwa hautoshi. Ukishapeleka mzigo, hakikisha una karatasi nne zenye sahihi na muhuri: LPO yenyewe, hati ya kupokelewa mzigo, cheti cha kamati ya ukaguzi na upokeaji, na nakala ya ankara iliyogongwa muhuri wa tarehe ya kupokelewa. Inayokosekana mara nyingi ni cheti cha kamati ya ukaguzi. Wakati madeni yanapohakikiwa, hasa gavana mpya akiingia, anayekosa cheti hicho huambiwa deni lake halistahili, hata kama balbu zake zinawaka mbele ya ofisi. Baada ya Juni 30, andika barua Julai hiyohiyo ukitaka deni liingizwe katika orodha rasmi, na utaje namba ya LPO, tarehe na kiasi.

Milango hufunguliwa tarehe gani

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini maamuzi yake huanza karibu miezi kumi kabla. Kufikia Septemba 1 mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata uwe umefika bunge la kaunti. Mradi usiotajwa humo, au kwenye mpango wa miaka mitano, una kazi kubwa kuingia baadaye. Septemba 30 hutoka tathmini ya bajeti ya mwaka uliopita, nayo ndiyo inayoonyesha makusanyo halisi. Wachache huisoma. Ni kurasa za namba, lakini ukitaka waraka mmoja tu wa kusoma mwaka mzima, soma huo.

Februari 28 ndiyo mwisho wa kupeleka bungeni waraka wa mikakati ya fedha, na bunge lina siku 14 kuupitisha. Hapa ndipo vinapowekwa viwango vya juu vya kila idara: afya ngapi, barabara ngapi, taka ngapi. Baada ya hapo makadirio kamili huletwa kufikia Aprili 30 na kupitishwa kabla ya Juni 30. Watu hujaa ukumbini Mei na Juni kuomba zahanati, na wanasikilizwa kwa heshima, lakini kiwango cha afya kilishafungwa Machi. Wakati huo unaweza kuhamisha pesa kutoka zahanati hii kwenda ile. Kuongeza pesa za afya zenyewe ni vigumu mno. Anayetaka mji wenye taa aende Januari na Februari, wakati waraka unaandikwa.

Bajeti ya nyongeza nayo itazamwe. Huletwa katikati ya mwaka, mara nyingi kwa haraka, na ndipo mradi wa wadi hufutwa kimyakimya ili kuziba pengo la mapato. Linganisha vitabu viwili, cha Juni na cha nyongeza, mstari kwa mstari katika wadi yako.

Lipo pia jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti, lililoundwa na kifungu cha 137 cha Sheria ya Fedha za Umma. Gavana ni mwenyekiti, mawaziri wake wa kaunti ni wajumbe, na idadi sawa na yao hutoka nje ya serikali: wafanyabiashara, wafanyakazi, wanataaluma, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya kidini. Kila chama cha soko kinapaswa kujua jina la mwakilishi wa wafanyabiashara na kumuuliza waraka wa Februari ulisemaje.

Mswada wa Fedha

Huu ni tofauti na bajeti ya matumizi, na watu huzichanganya. Ndio unaoweka viwango vya leseni na ada, nao hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya sheria ya matumizi kupita, yaani kwa kawaida Julai hadi Septemba. Usianze na maneno ya mbele. Nenda moja kwa moja kwenye majedwali ya mwisho. Tafuta biashara yako, angalia ada ni kwa siku, kwa mwezi au kwa mwaka, kwa ukubwa wa chumba au kwa idadi ya wafanyakazi. Angalia kama kitu kimoja kimetozwa mara mbili kwa majina mawili, kwa mfano ubao wa duka na maandishi ya duka hilohilo kwenye gari lake. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaruhusu kaunti kodi za ardhi na burudani, na nyingine zilizoidhinishwa na sheria ya Bunge, pamoja na ada za huduma inazotoa. Kinakataza pia kodi inayozuia bidhaa kupita kutoka kaunti moja hadi nyingine. Ushuru wa lori linalopita tu, bila huduma yoyote, una mashaka makubwa hapo.

Maoni ya maandishi yana nguvu kuliko kelele za ukumbini. Taja namba ya mstari, ada ya sasa, ada inayopendekezwa, athari yake kwa biashara ya kawaida, na unachotaka badala yake. Peleka kwa Karani wa Bunge la Kaunti na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Muhuri huo si urembo. Aprili 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo, na kesi za namna hiyo husimama kwa ushahidi wa nani aliitwa, kwa muda gani, na maoni yake yalifanywa nini.

Barua ya kuomba namba

Ripoti za Msimamizi wa Bajeti hutolewa kila robo mwaka, kaunti zikiwa zimepangwa kwa alfabeti, na sura ya Mombasa ina jedwali la lengo la makusanyo na makusanyo halisi. Hizo hazihitaji ruhusa ya mtu. Kwa yasiyomo humo, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuuliza, kwa maandishi, kwa Kiingereza au Kiswahili. Huhitaji wakili, huhitaji kueleza sababu, na kupeleka ombi ni bure. Unaweza kutozwa gharama ya nakala tu. Barua fupi inatosha:

"Mimi ni raia wa Kenya na mkazi wa wadi ya ___. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba: (1) lengo la makusanyo na makusanyo halisi ya leseni za biashara, maegesho na kodi ya ardhi, kila moja peke yake, kwa miaka mitatu ya fedha iliyopita, (2) orodha ya miradi ya wadi hii katika bajeti ya mwaka huu, kiasi kilichotengwa na kilicholipwa hadi leo, (3) orodha ya wazabuni wa miradi hiyo wanaodai, na kiasi."

Omba mambo machache yenye tarehe na jina la waraka. Ombi la "taarifa zote za bajeti" hurudishwa kwa kuwa halieleweki. Ofisi ina siku 21 kukujibu, na inaweza kujiongezea siku 14 mara moja ikiwa taarifa ni nyingi. Ikikaa kimya, chukua kimya hicho kama kukataliwa, na ndani ya siku 30 peleka malalamiko kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ukiambatanisha nakala yenye muhuri.

Jibu likija, panga namba za sehemu ya kwanza katika safu tatu: mwaka, lengo, makusanyo halisi. Kisha andika chini yake lengo la mwaka ujao. Kodi ya ardhi ikiwa imekusanya nusu ya lengo miaka mitatu mfululizo, na lengo jipya limepanda tena, uliza ukumbini ni viwanja vingapi vipya vimeingizwa kwenye daftari la uthamini na ni madeni yapi yamekusanywa. Afisa wa fedha ana jibu la swali hilo au hana, na mwandishi wa kikao ataandika alichosema.